Aliyeunguza Amplifaya

Latif Rehmtulla aliipenda amplifaya yake kiasi ambacho mtu mzima anapaswa kukionea haya kidogo. Kwa miaka ishirini ilikaa sebuleni kwake Gitega, juu ya meza iliyoagizwa kwa seremala kwa ajili yake peke yake, nyeusi, nzito, ya kubebwa na wanaume wawili. Jumapili aliiwasha nusu saa kabla ya kuweka santuri yoyote, ipate joto polepole, maana chombo cha heshima, alisema, hakiamshwi kwa kelele. Umeme ukianza kuchezacheza aliikimbilia kuizima kama mtu aliyesikia mtoto analia. Mgeni akiweka kikombe juu yake, kikombe kilitolewa nje na mgeni naye hakuwa mbali.

Mtu mmoja tu aliruhusiwa kugusa kitufe cha sauti, naye ni Murhula, Mkongomani kutoka Kivu ya Kusini, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni na kuishi mtaa wa Yoba na mkewe Bora na binti yao Elyse. Murhula alikuja kila Jumapili baada ya misa na santuri mbili za rumba kwapani. Walisikiliza upande mmoja wa rumba, kisha upande mmoja wa nyimbo za filamu za Kihindi ambazo Nazlin, mke wa Latif, alizijua zote kwa moyo. Hivyo tu. Urafiki wa wanaume wengine una maneno mengi. Wa hawa wawili ulikuwa wa kukaa na kunyamaza.

Sasa, katika nyumba za mji ule kila chombo kina kitambaa chake cha kufuma. Redio ina chake, televisheni ina chake, friji ina chake, na nyumba isiyo na vitambaa watu huiona kama imekosa mwanamke. Kwa Latif vitambaa vilikuwa kila mahali isipokuwa juu ya amplifaya. Hapo alikataa katakata. Matundu yake ya juu ni pua zake, alisema, na Nazlin alicheka akamwacha na mambo yake.

Nazlin alipougua, ugonjwa ule wa kumaliza mwili taratibu, hakuweza tena kwenda dukani wala kupika. Alikaa sebuleni na sindano yake, na alichofuma miezi ile yote ni kitambaa kimoja kikubwa cheupe cha amplifaya. Latif hakuwa na moyo wa kumkatalia. Alimwacha akitandike mwenyewe kwa mikono iliyokuwa imebaki mifupa, akakubali kiwe juu wakati chombo kimezimwa na kiondolewe kikiwashwa. Wiki tatu baadaye walimzika.

Siku arobaini nyumba haikusikia muziki. Jumapili iliyofuata Latif alimwita Murhula, akasema anataka kusikia nyimbo za Nazlin. Murhula alinyoosha mkono kukiondoa kitambaa, Latif akamzuia. Mikono ya mwisho kukigusa ilikuwa ya mke wake, alisema, na uzi wenye matundu hauzuii hewa. Murhula hakubishana naye. Waliwasha, wakasikiliza upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Adhana ya alasiri ilipolia Latif alikwenda msikitini, akamwachia rafiki yake kazi ya kugeuza santuri.

Aliporudi madirisha yalikuwa wazi na nyumba inanuka kuungua. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kiti. Murhula alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono imening'inia, akamwambia, “Ni mi. Nilipandisha sauti sana. Ampli imekufa.”

Yaliyomtoka Latif mchana ule hayana haja ya kurudiwa yote. Alimfukuza. Kesho yake akayarudia sokoni, keshokutwa kwenye posa ya watu, na kila aliyemuuliza habari za msiba aliishia kusikia habari za Murhula: kwamba ni mtu wa kukuharibia kitu chako na kukutazama machoni. Ukweli ni kwamba alihitaji mtu wa kumkasirikia. Ugonjwa hauna uso wa kuutemea mate, na Murhula alikuwa nao. Watu waliokuwa wakimkabidhi mizigo yao awauzie wakaacha, mmoja mmoja, bila ugomvi. Kabla mwaka haujaisha Murhula alifunga virago, akahamia Muyinga na familia yake. Latif aliposikia, alisema afadhali.

Ikapita miaka kumi na moja. Latif alifikisha miaka sabini na miwili, akaanguka bafuni, na binti yake Farzana, aliyeolewa Muyinga, akasema basi, imetosha, baba hataishi tena peke yake. Alikuja na gari ya mumewe siku walipopata mafuta. Latif alikubali kuacha vyombo vingi, ila amplifaya aliikatalia. Haikuwa imetoa sauti tangu siku ile, lakini ilipakiwa kiti cha nyuma, ikafungwa mkanda, ikapitishwa Karuzi kwa mwendo wa pole kama bibi harusi. Njiani Farzana alimkumbusha kwamba Murhula yuko Muyinga, ana kibanda sokoni, na mji ule si mkubwa. Latif alitazama migomba nje ya dirisha, akasema hana habari na mtu huyo.

Farzana, bila kumuuliza, alikuwa ameshazungumza na fundi. Jina lake Abubakari, mtu wa makamo aliyekulia Tanzania katika miaka ya ukimbizi na kujifunza kazi huko, akarudi na Kiswahili kilichonyooka na sanduku la vifaa. Latif alipewa kigoda kwenye karakana yake, akakaa kama mtu aliyempeleka mgonjwa kwa daktari. Abubakari alifungua skurubu za kifuniko moja baada ya nyingine, akapuliza vumbi, akainama kuchungulia ndani.

Latif alimweleza kwamba iliuawa na mtu aliyepandisha sauti kupita kiasi. Fundi alitikisa kichwa.

“Sauti peke yake haifanyi hivi, mzee,” alisema. “Hii ilikosa hewa. Ilifunikwa na kitu kisichopitisha, joto likapanda mpaka transista zikapasuka. Angalia mwenyewe.”

Kwa kibano alichomoa kitu kilichokuwa kimegandia kwenye mapezi ya aluminiamu yanayopooza joto, chini ya matundu ya kifuniko. Kilikuwa kipande cha nailoni, kimeyeyuka na kukakamaa, lakini ukingo mmoja ulikuwa bado na rangi. Kijani, na nyuzi mbili za dhahabu.

Latif aliijua rangi ile. Ulikuwa mtandio wa Idi aliomnunulia Nazlin mwaka Farzana alipoanza shule. Alikaa na kipande kile kiganjani na mambo yakajipanga yenyewe, moja baada ya jingine, wala hakuyaita. Kitambaa kilikuwa na bitana. Nazlin, na usafi wake, hakutaka vumbi lipite kwenye matundu ya uzi, akakata mtandio wake mwenyewe akaushonea chini, mahali ambapo mume hatazami. Lakini kitambaa alichokikuta juu ya kiti siku ile, ambacho alikiweka kabatini na kukitoa mara nyingi kukishika, hakikuwa na bitana yoyote. Mtu alikuwa ameifumua.

Abubakari alikuwa akieleza kwamba transista zinaweza kuagizwa na chombo kikapona. Latif hakusikia hata nusu. Alisimama, akamwambia Farzana ampeleke sokoni.

Kibanda cha Murhula kilikuwa mwisho wa safu ya vitenge. Mkewe Bora ndiye aliyewaona kwanza. Alishika kitenge alichokuwa anakunja, akakisahau mikononi. Murhula alikuwa amekonda na nywele zimekuwa nyeupe zote. Alimtazama Latif, akamtazama Farzana nyuma yake, akasema karibu, kwa sauti ya kumkaribisha mteja. Mteja aliyekuwapo alitaka kuondoka. Murhula akamwambia aendelee kuchagua.

Njiani Latif alikuwa amepanga maneno. Alitaka kusema kwamba leo ameuona ukweli, kwamba kosa halikuwa la Murhula, kwamba wote wawili walidanganywa na chombo. Akafungua kiganja badala yake.

Murhula alikitazama kipande kile cha kijani. Hakushangaa hata kidogo, na hapo ndipo Latif alipoogopa.

“Ulijua,” Latif alisema.

“Mi ndio nilitoa ile ingine.” Murhula aliongea polepole, akitazama vitenge. “Nilisikia harufu, nikainua kitambaa, nikakuta nailoni imeyeyuka chini yake. Nikakata uzi na wembe, nikaweka yote mufukoni. Ile yenye iliingia ndani sikuweza kufikia.”

Latif aliuliza kwa nini.

“We ulikuwa umetoka kuzika bibi yako, Baba Farzana. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ile kitambaa. Ningekuambia je, kwamba ndio iliunguza kitu chenye ulikuwa unapenda? Ungekuwa unaiona kila siku na kufikiri vile.” Alinyoosha ncha ya kitenge kimoja. “Na we ulinikataza kuitoa. Ungejiua na mawazo.”

Farzana alikuwa amejifunika mdomo kwa ushungi. Bora alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. Latif aliuliza, na aliona aibu alipokuwa akiuliza, mbona hakumwambia baadaye, hata mwaka mmoja baadaye, hata kwa barua, hata kwa kumtuma mtu. Bora ndiye aliyejibu, na hakukuwa na upole katika jibu lake. Alisema baadaye ipi, wakati Latif alikuwa ameshawatangaza soko zima. Nani angemwamini Murhula, na kama wangemwamini, jina la Nazlin lingekuwa ndilo linalotafunwa midomoni mwa watu. Alisema mama yake Murhula alifariki na hakuna aliyetoka Gitega kuja kulia naye. Alisema Elyse aliolewa, na siku ile baba yake alitazama mlangoni mpaka wageni wakamaliza kula.

Murhula alimwinulia mkewe kiganja kumtuliza, naye akaacha. Mteja alikuwa ameshaondoka.

“Mi sikupanga hivi,” Murhula alisema. “Nilifikiri utakasirika wiki moja. Nilimwambia Mama Elyse vile: wiki moja tu, kisha Jumapili ataniita.”

Radhi aliyoipanga Latif ilikuwa ya mtu aliyekosea kwa kutojua, ya dakika mbili na kushikana mikono. Aliitafuta, akaona haitoshi hata kufunika Jumapili moja, na zilikuwa zimepita mia kadhaa. Alilia pale pale, mchana kweupe, mbele ya wauzaji waliokuwa hawamjui, akishikilia nguzo ya kibanda kwa mkono mmoja na nailoni kwa mwingine.

Murhula hakusema amesamehe, wala hakusema hapana. Alitoa kigoda chini ya meza, akakisukuma kwa mguu mpaka kikagusa goti la Latif, na Latif alipokaa, yeye akakaa juu ya mtumba wa vitenge kando yake. Walikaa hivyo bila neno mpaka Bora alipoanza kufunga kibanda.