Mgomba wa Opicho

Tangu Opicho atumbukie kwenye ufa wa barafu kule Grinlandi, alikokuwa akiwapikia watafiti, mkewe Khalayi alikataa katakata azikiwe mgomba. Kwao Bungoma, mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo zake na kulazwa kaburini. Hapo ndipo mke huitwa mjane.

"Barafu haiozeshi," aliwajibu wakwe. Alikuwa muuza samaki Soko la Burma, barafu aliijua. "Ngojeni. Watamtoa vile vile alivyolala."

Jumamosi moja Jackton, fundi wa jenereta wa kambi ya watafiti wale, alibisha mlangoni pa Khalayi, Kaloleni. Ndani alikuwemo Wakoli, kaka yake Opicho.

"Niaje, shem! Bado unauza mbuta wanaokukodolea macho kuliko wateja?" Jackton alitania.

Khalayi alicheka. Kisha akaona mgeni anazungusha kikombe tu, chai haigusi.

"Sema, Jackton."

"Pale mahali alipotumbukia pamekwisha, shem. Kuna upepo wa juu sana unaozunguka dunia, ndio hutenga baridi ya kule na joto la huku kusini. Safari hii ulipinda, ukakwama. Joto likapanda, likakalia barafu siku nyingi. Ikanyesha mvua. Mvua kabisa, si theluji. Maji yakateremka kwenye zile nyufa."

"Lakini jua la huko si wanasema ni kama la picha tu?" Wakoli aliuliza.

"Si jua peke yake, bro. Ni hewa inayoletwa."

Hilo Khalayi alilielewa upesi kuliko alivyotaka. Boksi lake la samaki hushinda kivulini, limefunikwa gunia lililolowa, na barafu hudumu hadi jioni. Ila upepo ukigeuka, ukaleta joto la jiko la nyama choma la Muhonja, jirani yake sokoni, kabla ya saa sita vipande vya barafu vinaogelea. Siku kama hizo yeye hulihamisha boksi. Opicho angehamishwa na nani?

"Na yeye?"

"Ukingo wote wa barafu ulimeguka, ukaingia baharini. Watafiti walipita na ndege, wakaona maji tu." Jackton aliinamisha kichwa. "Nisamehe, shem."

Khalayi aliingia chumbani, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Alitoka na suti ya harusi ya Opicho, imekunjwa, na shati lake jeupe.

"Shemeji," alimwambia Wakoli, "mkifika nyumbani, kateni ule mgomba wa kivulini, karibu na mto. Si ule wa juani."

"Sawa, shemeji."

Siku ya mazishi Bungoma, mgomba ulikuwa umelala ndani ya sanduku, umevaa suti. Kabla hawajafunika, Khalayi alifungua mfuko wake, akatoa gunia la boksi la samaki. Alikuwa amelilowesha mtoni. Akamfunika Opicho taratibu, akibana pembeni, kama anavyofanya kila asubuhi upepo usipenye.

Harufu ya samaki ikapanda. Hakuna aliyemzuia.