Nimepona, Asema Penina wa Hombolo

Mpini wa jembe ulimkuta Penina ameinama jikoni, anasonga ugali wa uwele. Ulitua mgongoni kwa kishindo, mwiko ukamponyoka, naye akaangukia mafiga kwa mikono. Alipogeuka alimwona mumewe, Elieza, amesimama mlangoni akihema. Alikuwa ametoka mjini kuuza zabibu, na njiani alipitia kilabuni.

"Nimekuona," Elieza alisema. "Dodoma nzima imekuona. Umekwenda kulitangaza titi lako ukutani kama sabuni!"

"Ukuta gani, baba Loisi?"

Pigo la pili lilimpata begani. La tatu lilitua kwenye titi la kushoto, lile lile lenye uvimbe, na Penina akatoa ukelele ambao hakuwahi kuutoa hata siku za uchungu wa kuzaa. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Kabla hajafikiri, mkono wake ulikuwa umeshachomoa kijinga cha moto, akamchapa nacho usoni. Elieza akadondosha mpini, akashika jicho. Penina akampita mlangoni, akaruka uzio wa miiba, miiba ikamchana mapaja, akakimbia kuelekea barabara ya mjini.

"Wananicheka, Penina!" alimsikia akilia nyuma yake. "Kilabu kizima kinanicheka!"

Yote yaliletwa na gari la matangazo. Ilikuwa mwaka 2003, na miaka ile kila kitu kilikuja na gari la matangazo: simu, bia, sabuni, sigara. Gari hili lilifika Hombolo wakati wa mavuno ya zabibu, limepakwa rangi ya pinki, maspika yake yakitikisa mabati ya maduka. Lilileta Losheni ya Nuru, na wasichana waliovaa fulana zenye utepe wa pinki kifuani. Kila anayenunua chupa alipewa utepe, kisha aliingia kwenye hema kupimwa matiti bure.

Penina alikuwa na kijiuvimbe tangu masika, hakijamuuma, na alikuwa hajamwambia mtu. Akanunua chupa ili apate kuingia hemani. Msichana mwenye koti jeupe alimbonyezabonyeza, mara uso ukambadilika, akatoka kumwita bosi wake. Bosi mwenyewe alikuwa Fabian, kijana wa kampuni kutoka Dar es Salaam, mwenye sauti tamu na viatu visivyojua vumbi.

"Hongera mama, hii saratani umeiwahi," Fabian alimwambia. "Wengine huja wamechelewa. Wewe tutakupeleka Dar, kampuni itagharamia. Sasa shika chupa hapa karibu na shavu. Cheka kidogo."

Penina akacheka. Alidhani kuambiwa ugonjwa ndiyo mwanzo wa kutibiwa.

Gari likaondoka na vumbi lake. Aliposubiri hadi akachoka, alikwenda hospitali mjini. Nesi alimtazama mara moja tu akasema, "Wewe si yule mgonjwa wa kampuni? Walishapita hapa na picha zako, wakasema ni wao watakaokupeleka Dar. Mganga hawezi kukuandikia rufaa mara mbili. Kasubiri gari lao."

Akasubiri. Alirudi tena, akaambiwa hivyo hivyo. Uvimbe ukakua, ngozi ya titi ikajikunja kama ganda la chungwa. Siku ile ya pili, kwenye benchi la hospitali, alikaa karibu na mama mmoja wa mjini aliyejifunga ushungi, mnene, mcheshi, upande mmoja wa kifua chake tambarare. Jina lake Jaha. Alikuwa na duka la mashuka pale Majengo, na titi lake lilikatwa miaka mingi kabla utepe wa pinki haujaonekana Dodoma.

"Hata mimi walinifuata," Jaha alimwambia. "Walitaka nipande jukwaani niseme nimepona. Nikawauliza, mashine ya kupima matiti mmeinunulia hospitali? Wakanipa fulana. Nikawauliza, dawa je? Wakanipa na kofia. Halafu hiyo losheni yenyewe imembabua mdogo wangu uso mzima. Ukizidiwa, mwanangu, njoo kwangu. Nyumbani ni Chang'ombe, hapa hapa Dodoma; uliza mama Swalihu, utaonyeshwa."

Ndiko Penina alikokwenda siku ya mpini wa jembe. Lori la mchanga lilimchukua njiani na kumshusha mjini, na hapo, kwenye ukuta wa stendi, akajiona mwenyewe. Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko mlango. Chupa shavuni, meno nje, pembeni mchoro wa titi wenye utepe wa pinki, na chini maandishi: NIMEPONA, ASEMA PENINA WA HOMBOLO. NURU INAKUJALI. Alisimama pale damu ikimkauka miguuni. Watu walipita, mmoja akamtazama yeye, akatazama ukuta, akaongeza mwendo.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni kwa Jaha, akaanguka.

Jaha alimwosha majeraha. Titi lilikuwa limepasuka pale mpini ulipotua, likitoa maji yenye harufu. Jaha aliliangalia, akalifunika kwa kitambaa safi.

"Jumamosi watu wa kampuni wana matembezi," alisema. "Kina mama wataandamana na fulana zao mpaka uwanjani. Mgeni rasmi atakuwepo. Twende tukawaulize hilo gari la Dar liko wapi. Tuulize tu."

Jumamosi uwanja ulijaa pinki. Walikuwepo akina mama wa makanisani na wa madrasa, walimu, wauza mboga, wanafunzi, kila mmoja na chupa yake ya losheni ya bure. Jua lilikuwa kali. Fabian alikuwa jukwaani na kipaza sauti, na alipomwona Penina anasogea na Jaha, uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyeokota kitu.

"Wananchi! Hamtaamini! Shujaa wetu wa ukutani, huyu hapa! Mpisheni apande!"

Wakampisha. Fabian akamkabidhi kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mbukwenyi," Penina aliwasalimu kwa Kigogo, na nusu ya uwanja ikaitikia. "Mimi sijapona. Sijatibiwa. Hata sindano moja sijachomwa."

Kicheko kidogo kilipita, wakidhani ni utani. Penina akafungua vifungo vya blauzi.

Waliokuwa mbele waliona. Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Ukimya ulirudi nyuma safu kwa safu, mpaka kwa wale wa mwisho wasioona kitu lakini waliohisi.

"Walinipiga picha, wakaniambia nisubiri. Hospitali wakaniambia mimi ni wa kampuni. Nimesubiri mpaka limekuwa hivi."

"Zimeni!" Fabian aliwafokea mafundi. "Wekeni muziki! Mama, tafadhali, funga nguo, tutaongea ofisini."

Kipaza sauti kilikufa, muziki ukapasuka. Walinzi wawili wakapanda. Wa kwanza alimkamata Penina mkono ulioshika kipaza sauti na kuukunja, na kidole kikalia kama kijiti kikavu. Wa pili alimsukuma kwa kiwiko kifuani. Giza lilimjaa machoni. Alipiga magoti, akamwona Jaha anapanda ngazi za jukwaa na kiatu mkononi, akimtwanga mlinzi kisogoni, na akakiona kirungu kinazunguka na kumpata Jaha mdomoni. Jaha alikwenda chini chali, ushungi umemvuka, damu ikimtoka kinywani.

Chupa ya kwanza ilitoka kwa bibi mmoja wa Kigogo aliyekuwa safu ya mbele. Ilimpiga mlinzi kwenye paji la uso. Kisha zikafuata chupa kama mvua ya mawe. Akina mama walipanda jukwaani kwa magoti na viwiko. Walinzi walipiga virungu bila kuchagua, mifupa ikalia, mtu akakanyagwa mkono, spika ikaanguka na kumvunja mguu mwanamke aliyekuwa chini yake. Mgeni rasmi aliingizwa kwenye gari kichwa kwanza. Kitambaa cha nyuma ya jukwaa, chenye ule uso wa Penina unaocheka, kilichanwa vipande.

Penina alimkuta Fabian anatambaa kuelekea nyuma ya jukwaa. Alimrukia mgongoni. Mkono mmoja ulikuwa haufanyi kazi, lakini ule mwingine ulikuwa umeshika chupa. Akampiga nayo kichwani, akampiga tena, mpaka ikapasuka, na losheni nyeupe ikachanganyika na damu ikimtiririkia yule kijana shingoni.

"Mama!" Fabian alilia. "Mama yangu, nakufa!"

Hakuwa akimwita yeye. Alikuwa akimwita aliyemzaa, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Penina alilisikia hilo vizuri. Na baada ya kulisikia, alimpiga tena. Lile pigo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi baadaye. Yale ya kwanza hayakumsumbua kabisa.

Polisi walifika na mabomu ya machozi. Penina na Jaha walilala mahabusu, Jaha akitema vipande vya meno kwenye kanga. Asubuhi waliachiwa. Nje ya kituo akina mama walikuwa wamekaa chini barabarani, fulana zao za pinki zimegeuzwa ndani nje. Kesi haikufika popote. Kampuni haikutaka Penina aulizwe chochote mbele ya hakimu. Magazeti yaliandika kwamba wahuni wamevuruga shughuli ya afya. Kuta zote za mjini zilibanduliwa picha kabla ya juma kwisha, na Penina alisikia kwamba Fabian alishonwa kichwa kizima, kisha akafukuzwa kazi.

Hospitalini nesi yule yule ndiye aliyemfunga kidole. Hakumtazama machoni. Lakini siku hiyo mganga aliandika rufaa bila kuuliza habari za kampuni, na akina mama wa uwanjani wakachangishana nauli.

Walisafiri kwa treni, yeye na Jaha. Kwenye stesheni ya Gulwe mafuriko yalikuwa yamekula tuta la reli, wakakaa behewani mchana kutwa katika joto, titi likinuka, abiria wakihama viti. Mtu mmoja akanung'unika kuhusu harufu. Jaha, na mdomo wake uliovimba, alisimama akamuuliza kama angependa na yeye apoteze meno. Jamaa akafungua dirisha.

Dar es Salaam walilikata titi, wakamchoma mionzi mpaka ngozi ikaungua. Daktari alimwambia wazi kwamba angefika wakati kile kijiuvimbe kingali kidogo, kazi ingekuwa nyepesi. Sasa hakuahidi kitu. Penina alimshukuru kwa kutoahidi.

Hakurudi Hombolo. Alikwenda Haneti kwa mama yake, ambako watoto wake walikuwa tangu aanze kuumwa, akalima uwele kwa mkono mmoja kwa sababu mkono wa kushoto ulivimba ukibeba kitu. Msimu uliofuata Elieza alikuja. Jicho lake moja lilikuwa limefunikwa na kovu, na alisimama mwisho wa shamba bila kuvuka mstari wa miiba.

"Mama Loisi," aliita. "Nilikosa. Pombe, na watu walinicheka."

Penina alinyooka, jembe mkononi. Mwili wake wote ulikumbuka, mgongo, bega, mahali palipokuwa na titi. Alihesabu umbali kati yao bila kutaka. Aliona wapi angempiga, na alijua kwamba safari hii asingekimbia.

"Watoto wako ndani," alisema. "Waite wakusalimie hapo hapo ulipo. Ukivuka hiyo miiba nitakuua, Elieza. Sisemi kwa hasira."

Elieza akachuchumaa pale pale, nje ya miiba, akaanza kuita majina ya watoto wake.