Nyumba Iitwayo Ukipona

Kabla sijasimulia niliyoyaona usingizini, sharti nikiri niliyoyatenda nikiwa macho. Ilikuwa Idd pili, hapa kwetu Tanga, na mwanangu Siwatu, mwenye miaka mitano, alikuwa katika mwaka wake wa pili wa matibabu ya saratani ya damu. Kila baada ya wiki tatu tulikwenda hospitali, akachomwa sindano ya mgongo, akatundikiwa dripu, akarudi nyumbani hana hamu hata ya maji. Safari hii vipimo vyake vilikuwa vizuri, na daktari mwenyewe alituambia tumpeleke akapande bembea za Idd, mradi twende asubuhi kabla watu hawajajaa, na tumwepushe na kila mwenye kukohoa. Mume wangu, Shomari, akawaahidi watoto. Asubuhi ilipofika nikakataa. Nikasema uwanjani kuna vumbi, nikasema damu yake ikishuka nani atabeba lawama, nikafunga mlango wa mbele na ufunguo nikautia kifuani. Shomari alivua kanzu yake, akaikunja, akatokea mlango wa uani. Aliyebaki ni Zamda, binti yangu mkubwa wa miaka tisa, amesimama na gauni lake jipya. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mpaka na mimi niugue ndiyo utaniona?"

Nilimzaba kofi. Halafu nikajilaza mkekani kando ya Siwatu, adhuhuri ile, nikiwasikia watoto wa jirani wakirudi na tarumbeta zao za plastiki, na usingizi ukanichukua machozi hayajakauka.

Nikajiona natembea katika nchi nisiyoijua, Siwatu nimembeba mgongoni kwa kanga, Zamda nimemshika mkono. Ardhi ya nchi ile ilikuwa nyeupe kama shuka za wodini, na upepo wake ulinuka dawa ya kudekia. Tukafika njia panda. Upande mmoja zilitoka kelele za watoto na mlio wa bembea. Upande wa pili ilikuwapo nyumba ndefu ambayo madirisha yake yote yalikuwa yamefungwa. Hapo akatupokea mwanamke mnene mwenye uso wa huruma, akaniambia kuwa yeye ni Bibi Tahadhari na ametumwa kunilindia mwanangu. Akanieleza habari za vumbi, za mafua, za mtoto wa fulani aliyetolewa nje siku moja tu asirudi. Yote aliyoyasema nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe mara elfu, kwa hiyo nikamwona mtu wa kweli. Alinishika mkono nikamfuata, wala sikutambua kuwa ili kumpa mkono ule nilikuwa nimeuachia wa Zamda.

Juu ya mlango wa nyumba ile paliandikwa neno moja: UKIPONA. Ndani yalijipanga makabati toka mwanzo hadi mwisho, na kila kabati lilihifadhi siku zilizoahirishwa: Idd zimekunjwa na kutiwa vidonge vya nondo, harusi za mashangazi, kwenda ufukweni, ngoma, keki ambazo hazikukatwa. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja na ufunguo mkononi, kimya, kama watu wanaosubiri kuitwa majina dirishani. Nikakaa karibu na baba mmoja aliyepakata viatu vidogo vyekundu, vipya kabisa. Akanisimulia kuwa mwanawe aliomba avivae siku ileile viliponunuliwa, naye akamwambia angoje, atavivaa akishapona.

"Hakupona?" nikamwuliza.

"Alipona," akasema. "Alipona akiwa kijana, miguu imeshavikataa. Hupita hapa nje wakati mwingine, lakini hatuna la kuzungumza." Kisha akainamisha kichwa na kuninong'oneza, "Huyo mama uliyempa mgongo, aliyepakata gauni la mtoto, usimwulize."

Sikumwuliza. Nilinyanyuka nimtafute Zamda, nisimwone. Nikachungulia katika ufa wa dirisha, na mbali sana nikamwona msichana anakwenda zake, akirefuka kwa kila hatua, na nilipomwita jina lake hakugeuka, kwa kuwa alikwishazoea kuitwa kwa ajili ya kutumwa tu. Nikamrudia yule mwenyeji wangu kwa ghadhabu. Alipoinua mikono kunizuia, kanga zikamwanguka, unene wake wote ukawa ni nguo, na ndani mlikuwa na kiumbe chembamba kinachotetemeka. Nikamjua. Alikuwa Hofu, na nilikuwa nimeishi naye miaka miwili nikimwita kwa jina la mwenzake.

Aliyenifungulia mlango ni mwanamke mfupi, visigino vimepasuka, aliyekuwa akideki sakafu muda wote ule pasi na mtu kumtazama. Akaniambia jina lake ni Subira.

"Watu wa nyumba hii hunitaja kila siku," akasema, "lakini si mimi niliyewaketisha hapa. Mimi huwasaidia watu kuivumilia sindano; sijamwambia mtu avumilie kutoishi. Ugonjwa wa mwanao una siku zake, na siku hizo nitakaa nawe, hata ile usiyotaka kuitaja. Siku nyingine hazikuwa za ugonjwa. Ni wewe unayeupelekea."

"Nikimtoa akaambukizwa?"

"Huenda."

"Na nikimfungia?"

"Huenda vilevile."

Nikakimbilia kwenye bembea. Langoni alisimama Tahadhari wa kweli, mwanamke mkavu asiye na maneno, akiwanawisha watoto mikono kwa sabuni, anayekohoa akimrudisha, wengine wote akiwapitisha. Lakini mafundi walikuwa wameshaanza kufungua kamba. Mwenye bembea, jina lake Furaha, sauti imemkauka kwa kuimba, alinitazama bila chuki, akaniambia alitungoja tangu asubuhi, na kwamba alikuwa na watoto wengine wa kuwafuata. Nikapeleka mkono nyuma nimteremshe Siwatu angalau aione bembea ikiwa imesimama, na mwili wake ulikuwa moto kama chungu jikoni.

Nikazinduka. Mkono wangu ulikuwa juu ya mgongo wa mwanangu, na mgongo ulikuwa unawaka kweli. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa. Kwa watoto kama yeye homa haisubiriwi hata saa moja. Nikampigia Shomari simu, akaja mbio na bajaji, tukapakiana wote wanne. Ndipo maana ya ndoto iliponifungukia, ikiwa imechelewa. Homa ile haikutoka uwanjani. Ilimkuta ndani, mlango umefungwa na ufunguo ninao mimi, na asubuhi yake nilikuwa nimeshaichukua bure. Tulipopita uwanjani bembea zilikuwa zinazunguka bado. Siwatu aliziangalia hadi shingo ikamwishia. Sikuweza kumwambia dereva asimame, kwa maana saa ile anayesema twende haraka alikuwa Tahadhari mwenyewe.

Wodini wakamtundikia dripu. Nilimvuta Zamda pembeni, nikamwomba radhi kwa lile kofi na kwa mengine yaliyolitangulia, nikamwambia Shomari ampeleke uwanjani kabla ya magharibi. Zamda alisema hataki kwenda peke yake. Hakusema kuwa amenisamehe, nami sikumbana. Alikwenda miguuni pa kitanda, akamwomba muuguzi ruhusa, akashika ule mpini wa chuma wa kuinulia kichwa cha kitanda, akaanza kuuzungusha. Kitanda kikapanda polepole na Siwatu juu yake, kikashuka, kikapanda tena.

Siwatu akacheka. Nilifungua kinywa niseme sindano itachomoka, nikakifumba. Ile ilikuwa Idd yake ya nne tangu augue, na kicheko chake kilikuwa kimekuwa cha mtoto mkubwa. Sikujua kilibadilika lini.