Mama Kijacho Aliyeketi Tena

Wanawake waliokaa kwenye benchi nje ya zahanati asubuhi ile walikuwa na mabeseni mapajani. Kila beseni lilikuwa na glavu, wembe mpya, pamba na mshumaa, kwa sababu zahanati haikuwa na vitu hivyo, na asiyevileta alirudishwa nyumbani hata kama mtoto ameshaanza kuchungulia. Mke wa Pancha alikaa pembeni kabisa, karibu na mlango. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Mumewe, ambaye huziba matairi kando ya barabara na ndiyo maana wakamwita Pancha, alimleta kwa baiskeli, kisha akaegemea ukuta.

Msafiri alifika na kamera shingoni. Alikuwa mtu mwema, mwenye salamu. Alisema anazunguka nchi akipiga picha za maisha ya kawaida, na maisha ya kawaida aliyoyapenda yalikuwa kuta zilizopasuka, mabomba makavu na watu wanaongoja. Siku iliyotangulia alipiga picha bomba la sokoni likidondosha tone. Tone lile halikuanguka tena. Lilibaki likining'inia mdomoni mwa bomba, na wenye ndoo wakahamia bomba la shule.

Mkunga akatokea mlangoni. "Mke wa Pancha, ingia."

Mke wa Pancha akainuka. Msafiri akamwomba arudi kidogo tu, akae vilevile, mkono kiunoni, macho mlangoni. Mwanga ulikuwa mzuri.

"Kaa, mwanangu," mkunga akasema. "Mgeni asije akasema hatuna adabu. Mtoto hatakimbia."

"Ila usicheke, shoga," akasema jirani yake kwenye benchi. "Mimi nilicheka kwenye picha ya kitambulisho, mpaka leo benki wanasema siyo mimi."

Akaketi tena. Kamera ikalia. Uchungu ukakatika palepale, kama umeme.

Mkunga alimpima, akasikia moyo wa mtoto unapiga vizuri, akamwambia arudi uchungu ukianza tena. Haukuanza. Mwaka ulipoisha, mkunga alipita sokoni, akaliangalia tone la bomba, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Pancha.

"Ulipigwa picha ukingoja," alimwambia mke. "Basi utangoja." Hakuwa na dawa ya jambo hilo. Hakuwa na dawa ya mambo mengi.

Mtoto hakuongezeka ukubwa, aliongezeka umri. Alianza kusema humo humo tumboni, kwanza maneno mawili matatu, kisha bila kunyamaza. Aliuliza nyundo ni kitu gani, na kwa nini baba anakohoa.

"Domo hili ni la ukoo wa babake," alisema bibi, mama yake mke. "Kwetu hatuna."

Jioni Pancha aliosha mikono, akaweka sikio kwenye tumbo la mkewe, akajibu alichoweza. Kisha mke aligeukia ukutani. Mgongo ulikuwa unamuuma kila siku, na miguu haikuingia tena kwenye viatu.

Picha ilikwenda mbali, ikatundikwa kwenye ukumbi mkubwa. Baadaye ilirudi ikiwa kwenye kalenda, ukutani mwa ofisi ya afya. Chini yake waliandika: Subira. Ofisa alimwambia Pancha ajivunie.

Mwaka wa saba msafiri naye akarudi. Pancha alimfuata hadi nyumba ya wageni, akamweleza yote. Msafiri alisikiliza hadi mwisho, machozi yakamlengalenga. Alisema kule watu husimama mbele ya picha ile wakalia kabisa.

"Wakishalia, kuna aliyeleta glavu?"

Msafiri alisema ataulizia.

"Basi mpige nyingine," Pancha akasema. "Mpige akiingia mlangoni. Sitaki kingine."

Wakaenda zahanati. Mkunga alifungua mlango, mke wa Pancha akainuka kwenye benchi, akaingia. Kamera ikalia. Kabla hajafika kitandani uchungu ukamshika, akapiga ukelele, na mkunga akawasha mshumaa. Nje, Pancha alisikia sauti ya mwanawe ikiuliza, "Ndiyo sasa?" Akajibu kwa nguvu, "Ndiyo, toka!"

Msafiri alikuwa akiitazama picha kwenye kioo cha kamera. Aliitazama sana.

"Hii haina kitu," alisema. "Anaonekana kama mtu yeyote."

Akaifuta.

Ndani uchungu ukakatika tena. Mkunga akazima mshumaa ili usiishe bure. Pancha alimwambia msafiri airudishe, na msafiri akasema, kwa upole, kwamba ikishafutwa hairudi. Alimshika Pancha begani. Kisha akaomba ampige na yeye, hivyo alivyosimama, na Pancha akaondoka kabla msafiri hajainua kamera.

Shule zilipofunguliwa mwaka huo, mtoto alikuwa ametimiza umri wa kuanza, basi mke wa Pancha alikwenda naye darasa la kwanza, akakaa nyuma, upande upande, maana dawati lilimbana. Mwalimu alikuwa na watoto wengi kuliko madawati na hakuwa na nafasi ya kushangaa. Aliita majina. Alipofika kwa mtoto wa Pancha, sauti ikajibu kutoka ndani ya gauni la mamake:

"Nipo."

"Anayejibu asimame," mwalimu akasema, bila kuinua kichwa.

Mama akasimama kwa niaba yake, akishikilia dawati, akangoja aambiwe akae.