Panya wa Stoo ya Ruiru

Watu wa Thika walinicheka sana. Wenzangu walichunga ng'ombe, mimi Githinji nikachunga panya. Niliwaacha wacheke, kwa kuwa mke wangu Wamboi alikuwa akichanganya unga wa rangi ya manjano katika kiwanda cha nyuzi cha Bwana Kantilal, na Kisilu aliyeuchanganya kabla yake alikufa akikojoa damu.

Kuacha kazi hakukuwezekana. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari ya wakoloni. Ukikosa kazi unanyang'anywa pasi ya kukaa mjini, unarudishwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na askari.

Sarla, bintiye Bwana Kantilal, alikuwa amesomea kemia Bombay. Alimbana baba yake hadi akakubali: panya wakiota uvimbe kwa unga ule, na daktari wa Nairobi akithibitisha, ataumwaga wote. Basi tukafuga panya weupe katika masanduku, ndani ya stoo nyuma ya nyumba yao Ruiru. Wa upande wa kulia walikula chakula kilichotiwa rangi ile, wa kushoto chakula kitupu. Nilivumilia uvundo wao mwaka mzima na zaidi. Mwishowe wengi wa kulia wakaota uvimbe tumboni. Wa kushoto, hata mmoja. Daktari akaahidi kuja Jumatatu kuwaua na kuwapasua ili athibitishe.

Habari ya kupasua ikamfikia Dayaben, bibi yake Sarla, tena katika siku zao takatifu ambazo hata mdudu hauawi. Jumapili nilikuta masanduku yote wazi, na bibi ameketi kizingitini, uso umemng'aa.

"Gitinji, mimi nafungua yote," aliniambia. "Siku kubwa hii, hapana ua. Wewe pia napata baraka."

Nilikasirika sana. Lakini utamfokea vipi ajuza aliyefunga saumu? Nikaingia kwa magoti kwenye mibuni nyuma ya stoo, nikiwatafuta. Paka na vipanga walikuwa wamenitangulia. Nikaambulia panya wawili tu, wasio na uvimbe wowote.

Bwana Kantilal aliwatazama. "Hawa walikula chakula gani?"

"Sijui, Bwana. Wote ni weupe."

"Basi hata mimi sijui. Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, wala hakuonekana kusikitika. Daktari akapigiwa simu asije.

Sarla alilia, kisha akasema tutaanza upya. Kwake kuanza upya kulikuwa kununua panya wengine. Kwangu kulikuwa Wamboi kuuvuta unga ule kwa mwaka mwingine, na nilimchukia kidogo kwa kutoliona hilo.

Kabla ya kuondoka nilimwendea Dayaben.

"Mama, si ungefungua na mlango wa kiwanda?"

Alinishangaa. Hakuwa na ubaya wowote machoni.

"Ile hapana fungwa," alisema. "Watu naingia yenyewe."

Jumatatu king'ora kilipolia, Wamboi alijifunga kitambaa puani, akaingia mwenyewe.