Tone la Mafuta Nyuma ya Stempu

Bhikhubhai, muuza nguo wa Malindi, alikuwa mkali wa ulimi na mwoga kama kunguru, lakini asubuhi hiyo ukali wote ulimwisha ukabaki woga mtupu. Askari wawili walisimama mlangoni pa duka lake. Ndani, Karani Kombe wa ofisi ya serikali alikuwa ameketi juu ya robota la kaniki, na mapajani ana daftari la stempu alilolikuta kabatini. Ulikuwa mwezi wa tatu wa vita vya Mwingereza na Mjerumani. Amri ilikuwa imetoka: atakayeonekana anaandikiana na watu wa upande wa Mjerumani atapelekwa Mombasa kwa pingu. Watu walinong'ona kwamba wengine hawarudi.

Na daftari lile lilijaa stempu za Mjerumani, zote zenye picha ya meli, kurasa nne nzima. Zamani kaka yake Gokaldas alikuwa na duka Tanga, upande wa Mjerumani, na kila mwezi alikuwa akimwandikia. Bhikhubhai alizibandua stempu kwa maji, akazikausha, na bahasha akazitia motoni, maana yeye alitaka stempu iwe safi. Usafi gani huo, jamani! Tarehe za posta zilizokuwa kwenye bahasha ndizo ambazo zingemwokoa leo. Vipande vya muhuri vilivyobaki juu ya stempu havikuonyesha hata mwaka.

Kombe aliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Bhikhubhai zaidi: atajuaje kwamba hizi hazikuja mwezi uliopita?

Bhikhubhai alijibu jasho likimtiririka. Alisema kaka yake alifunga duka la Tanga miaka tisa iliyopita akarudi kwao Kachchh, Bara Hindi, na tangu hapo nyumba hii haijapata barua hata moja kutoka kule. Akaonyesha zilizoandikwa thamani kwa pesa, sarafu ya zamani ya Mjerumani. Mwaka uleule Mjerumani aliziacha pesa akaanza hela. Hizi chache za hela nazo zilikuwa za chapa ya kwanza. Chapa za baadaye, zilizotoka kaka yake alipokwisha kuondoka, zina alama iliyofichwa ndani ya karatasi, vipande vya pembe nne vilivyolala upande kama kashata, na jicho haliioni vizuri mpaka karatasi ilowe mafuta. Zake hazina alama hiyo.

"Basi tuzione," Kombe akasema.

Bhikhubhai alimwita mkewe, Gomti, alete mafuta ya nazi. Gomti akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba yamekwisha. Yamekwisha vipi, na nywele zake zinang'aa tangu alfajiri? Bhikhubhai alimkaripia mbele za watu kama alivyozoea, hata siku hiyo ambayo shingo yake mwenyewe ilikuwa mashakani. Gomti akaleta chupa, akaiweka chini taratibu, asiondoke.

Kombe alitia tone nyuma ya stempu ya kwanza. Karatasi ikang'aa, haina kitu. Ya pili, haina kitu. Kila tone liliharibu kitu alichokitunza kwa miaka, lakini Bhikhubhai hakujali, pumzi zilikuwa zikimrudia. Ilipobaki moja, nyekundu, ya hela saba na nusu, alikuwa amekwisha kufikiria kumwagizia karani chai.

Tone likaanguka. Kashata zikajitokeza, moja baada ya nyingine, wazi kabisa.

Bhikhubhai aliikodolea macho. Yake ilikuwa imekatika kona kidogo. Hii ina kona zote. Hii si yake. Akainua uso, akamwona Gomti amejishika kifua, midomo imemkauka, naye akaelewa yote. Mwaka jana Gomti alilipangusa vumbi daftari hili, Bhikhubhai akamtukana mpaka akalia, majirani wakisikia, akamwapia kwamba siku atakayoharibu hata stempu moja atamrudisha kwao. Kumbe moja iliharibika, akaificha, akabandika hii mahali pake. Na hii ameitoa wapi, kama si kwa dada yake Jasumati, aliyeolewa Tanga? Barua zilikuwa zikiingia humu ndani na yeye hajui.

"Umesema nyumba hii haipati barua," Kombe akasema. "Nani anaandikiwa?"

Bhikhubhai aliogopa pingu, aliogopa Mombasa, aliogopa hata kumeza mate. Angesema jina moja tu, la mkewe, angebaki dukani kwake. Gomti akafungua kinywa.

"Nyamaza wewe," Bhikhubhai akamkatiza, kwa ukali uleule wa siku zote. Kisha akamgeukia karani. "Barua ni zangu. Huyu hata kusoma hajui."

Askari akaingia na pingu. Gomti, aliyezisoma barua za dada yake mpaka akazijua kwa moyo, akanyamaza kama alivyoambiwa.