Mapigo ya Saa Sita

Savarimuthu aliushusha mwili wa mama yake, Arulayi, mbele ya mlango mkubwa wa kanisa. Kizingiti kile Arulayi alikifagia miaka arobaini bila kukivuka hata siku moja, kwa kuwa alikuwa wa cheri, mtaa wa watu wa tabaka la chini. Ufunguo wa mlango huo ulikuwa kiunoni mwa mwanawe, maana yeye ndiye mpiga kengele.

"Muthu, umepotea njia?" Mzee Rayappan wa mtaa wa juu alimwita kutoka barazani kwake. "Mlango wenu watu wa cheri si ule wa pembeni?"

"Mama aliomba, bwana. Mara moja tu."

"Aliomba! Leo mlango, kesho viti vya mbele, keshokutwa mtatuposea mabinti." Wanawe wakacheka, kisha wakashuka ngazi, na sasa hawakuwa wakicheka tena.

Padri Gnanaprakasam alitoka amevaa stola. Jumapili iliyopita alihubiri kwamba katika Kristo hakuna wa juu wala wa chini, na anayetanguliza mila mbele ya Injili amemkana Bwana. Savarimuthu alilia siku ile. Mjinga gani, aliwaza sasa, hulia kwa mahubiri?

"Baba, si wewe uliyesema?"

"Nilisema, na nitasema tena. Mafundisho hayabadiliki, mwanangu." Padri aliwatupia jicho wale vijana, akashusha sauti. "Lakini wiki ijayo ni sikukuu. Mtaa wa juu wakisusa, nani atalivuta gari la sanamu ya Mtakatifu? Nisitiri."

Mwenye shuka ndiye aliyekuwa akiomba kusitiriwa na aliye uchi.

"Sawa, Baba," alijibu Savarimuthu. Aliisikia sauti yake mwenyewe, akaona aibu mbele ya maiti. Yeye na wabebaji wenzake wakazunguka pembeni, ufunguo ukimgonga pajani kila hatua.

Makaburini walipita nyuma ya ukuta unaotenga wafu wa cheri, ukuta ambao yeye ndiye huupaka chokaa kila Novemba. Padri alisoma sala zote, hakuruka hata neno. Kaburi lilikuwa halijafukiwa hata nusu, mtu mmoja alipoita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Wee Muthu! Saa sita hii! Kengele!"

Aliacha koleo, akakimbia. Kengele haijawahi kumlilia mtu wa cheri. Aliishika kamba kwa mikono yenye udongo wa mama yake, akavuta mapigo yale yale ya kila siku, akiyahesabu kwa makini, asije akazidisha hata moja, mtu akadhani ni la Arulayi.